Mdomo Niliomchorea Mama

Wifi yangu nilimleta nyumbani mimi mwenyewe. Tulisoma chuo cha ualimu Shinyanga, tukalala chumba kimoja kwa miaka miwili, na likizo moja alipokosa pa kwenda nikamchukua hadi kwa mama, pembeni mwa mji wa Katoro. Kaka yangu naye alikuwa amerudi kutoka machimboni kupumzika. Basi rafiki yangu akaanza kuchelewa kurudi kila alipotumwa maji, na kaka akawa na shughuli nyingi upande ule ule wa kisima. Mwaka uliofuata nikawa namwita wifi. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakiniuliza ilikuwaje nikamwamini kiasi kile, huwa natafuta jibu refu, na jibu ni hilo tu.

Ualimu haukunishika. Nilifundisha kidogo, nikaacha, nikaanza kuchora mabango ya saluni na kuta za migahawa barabara ya kwenda Ushirombo. Baadaye nikajifunza kuchora kwenye kompyuta, kisha kuifanya michoro itembee. Mkono wangu ulikuwa mzuri, ila mdomo wangu haukujua kuomba kazi. Wifi alikuwa kinyume changu. Angeweza kuingia ofisi asiyoijua, akasalimia, akakaa, na kabla chai haijaletwa kila mtu humo ndani anamwita dada. Yeye na kaka walikuwa wanaishi Geita mjini. Alikuja siku moja akaziona katuni zangu, akaniambia nimekaa juu ya mali nimeifunika na gunia. Tukakodi chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, tukaanza kazi pamoja. Mimi nachora, yeye anatafuta wateja na kushughulikia mambo ya mtandaoni.

Kazi yetu kubwa ya kwanza ilitoka kwa shirika dogo linalofundisha akina mama wa mwaloni, yaani pale mchanga uliosagwa kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, unapooshwa kutafuta dhahabu. Akina mama hao huushika mchanga wenye zebaki kwa mikono mitupu, kisha huichoma ile zebaki ili ibaki dhahabu peke yake, na moshi wake huwaingia. Shirika lilikuwa limebandika mabango hadi limechoka. Walitaka katuni fupi fupi za kutumwa kwenye simu, na ndani yake awepo bibi mmoja anayezungumza kama bibi wa kweli, si kama mtangazaji wa redio.

Sikuhitaji kumtafuta mbali. Mama alifanya kazi mwaloni tangu sisi hatujaanza shule mpaka tulipomaliza. Mikono yake hutetemeka. Kikombe cha chai hukishika kwa mikono yote miwili, na hupenda kisijazwe. Nilipomweleza, aliuliza jambo moja tu: maneno yatakuwa ya nani. Nikasema tutamwandikia. Akasema basi tutafute mtu mwingine, yeye hawezi kukaririshwa habari za mikono yake mwenyewe. Aseme anachokijua au anyamaze. Tukakubaliana aseme.

Tulirekodi chumbani kwake asubuhi tatu mfululizo. Tulitundika blanketi dirishani, tukafukuza kuku, na kila karasha la upande wa pili lilipoanza kunguruma tulikaa kimya kulisubiri linyamaze. Wifi ndiye aliyeshika simu ya kurekodia. Alikaa chini kwenye mkeka, karibu na magoti ya mama, akimtazama usoni kama mtoto anayesimuliwa. Mama alizungumza Kiswahili chake chenye Kisukuma ndani, taratibu, bila kujionea huruma. Akafika mahali pa kueleza alivyokuwa akichomea zebaki jikoni, kwenye moto ule ule wa ugali.

"Nilikuwa nafunga mlango ili jirani asijue nina dhahabu," alisema. "Kumbe nilikuwa nawafungia wanangu humo ndani na moshi."

Wifi alilia. Nilimwona. Mpaka leo sijui niyaweke wapi machozi yale.

Kumchora Bibi hakukunisumbua. Sikumpa sura ya mama moja kwa moja, lakini nilimpa macho yake na namna yake ya kuinamisha kichwa anapotaka kusema neno zito. Kilichonishinda kilikuwa mdomo. Mhusika wa katuni akizungumza, midomo yake lazima iende na sauti. Ikichelewa kidogo tu mtazamaji anahisi kitu hakiko sawa, na akihisi hivyo anaacha kusikiliza. Zipo programu za kompyuta za kuifanya kazi hiyo, na tukaanza kuzijaribu.

Ya kwanza ilikuwa ya bure. Ukiiandikia maneno, inayakata vipande, halafu unaichorea midomo michache: uliofumba, uliofunguka kidogo, wa mviringo na kadhalika. Programu inaibadilisha kufuata sauti. Shida yake ilikuwa imefundishwa Kiingereza. Niliandika "ng'ombe", ikamfumba Bibi mdomo mwanzoni mwa neno, mahali ambapo hakuna anayefumba. Kila sentensi ilibidi niirekebishe kwa mkono, herufi kwa herufi. Sentensi moja ya mama ilinila asubuhi nzima.

Ya pili ilifuata uso wa mtu kwa kamera ya simu. Mzungumzaji anakaa mbele ya simu, na kila anachofanya usoni mchoro unakifanya. Tulimkalisha mama. Alikaa kama anapigwa picha ya kitambulisho, akakaza uso, na Bibi naye akakaza uso. Nikamwomba azungumze kama kawaida. Akazungumza kama kawaida, maana yake akageuka kumwangalia mbuzi aliyekuwa anasogelea mihogo yake, na Bibi akabaki na jicho moja na nusu ya pua. Mama akataka kuonyeshwa. Alipoona alicheka mpaka akajifuta macho na khanga, akasema kama zebaki ingemfanya vile basi asingebaki mwanamke hata mmoja mwaloni.

Ya tatu aliileta wifi. Ilikuwa ya mtandaoni: unatuma mchoro, unatuma sauti, inakurudishia video. Nilituma kipande kile cha mlango na moshi. Kiliporudi nilikitazama, nikakirudia, kisha nikatoka nje nikasimama barazani.

Nieleze kilichonishtua. Mama, kama Wasukuma wengi wa umri wake, akitamka neno kama "baba" midomo yake haigusani kabisa. Inakaribiana, pumzi inapita katikati, sauti inatoka laini. Programu mbili za kwanza zilimbana Bibi midomo kwa nguvu kila palipokuwa na herufi hiyo ya b. Hii ya tatu iliisikiliza sauti yenyewe na kuacha ile nafasi nyembamba. Nimekua nikiitazama midomo ya mama. Nilikuwa naiona pale kwenye kioo cha kompyuta, juu ya sura niliyoichora mwenyewe.

Niliporudi ndani wifi alikuwa anafungua akaunti. Programu ilidai, ili ifanye kazi vizuri zaidi, ipewe sauti nyingi za mzungumzaji, imjue. Chini yake palikuwa na maelezo marefu ya Kiingereza na visanduku vya kuweka tiki. Kimoja kilisema unairuhusu itengeneze maneno mapya kwa sauti ya mzungumzaji huyo. Nilikisoma. Nikamuuliza wifi hicho ni cha nini.

"Ni cha dharura," alisema bila kugeuka. "Neno likiwa limefunikwa na kelele za karasha, inalijaza. Tusimsumbue mama kurudia."

Lilikuwa jibu zuri, tena la huruma. Ningeweza kusema kisanduku hicho kiachwe wazi. Ningeweza kumpigia mama kumuuliza. Badala yake nilikuwa nawaza midomo ile, na jinsi ambavyo sitakaa tena asubuhi nzima nikipigana na ng'ombe mmoja. Nikasema sawa. Akaweka tiki. Akaunti ikawa kwa jina lake na neno la siri lake, kwa kuwa mambo ya mtandaoni yalikuwa yake.

Katuni zilipokewa vizuri kuliko tulivyotegemea. Zilisambaa kwenye makundi ya simu kuanzia Katoro hadi Geita, zikafika mpaka Ushetu kwa watu wanaolima tumbaku wasio na habari na zebaki. Mama akaanza kusimamishwa sokoni. Wanawake wasiomjua walimsikia anabishana bei ya dagaa, wakageuka, wakamuuliza kama si yeye Bibi wa kwenye simu. Alijifanya kuchukia, lakini nilimwona ameanza kwenda sokoni hata siku asizokuwa na cha kununua. Wapo waliokuja nyumbani kumweleza wamehamishia kuchoma nje, mbali na watoto. Hao aliwakaribisha, akawaandalia chai.

Halafu alikuja mmoja asubuhi na mtoto mgongoni, akasalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu," akakaa. Nilikuwepo, nimempelekea mama unga. Yule mwanamke alisema amekuja kushukuru kwa ujumbe mpya, maana nje upepo ulikuwa unamsumbua. Mama akamuuliza ujumbe gani. Akatoa simu.

Alikuwa Bibi wangu. Khanga niliyomvika mimi, kiti nilichomkalisha mimi. Akainamisha kichwa vile vile, akasema kwa sauti ya mama kwamba zebaki ya siku hizi imesafishwa, haina ubaya kama ile ya zamani, kwamba yeye ameitumia miaka yote na nguvu anazo, na kwamba hata ukichomea ndani haina neno. Kisha akataja duka la kuinunulia, duka la mfanyabiashara mmoja wa pale Katoro. Midomo haikukosea hata mara moja. Palipokuwa na ile herufi laini, ile nafasi nyembamba ilikuwepo.

Mama alisogea karibu na simu. Aliomba irudiwe. Ilipokwisha mara ya pili alimtazama mtoto aliyekuwa mgongoni, akamwambia yule mwanamke amshushe amwone. Akambeba kwa mikono yake inayotetemeka, akamtazama macho, akamtazama kucha. Ndipo akamwambia mgeni kwamba yule si yeye, na asichome tena ndani hata siku moja. Mgeni alitazama simu, akamtazama mama, akatutazama sote wawili. Niliona haelewi amwamini yupi. Aliondoka bila kumaliza chai.

Tukabaki wawili. Mama akaniuliza swali ambalo nilikuwa naomba asiniulize.

"Ulijua hicho chombo kinaweza kunisemesha?"

Nilimwambia nilikisoma kisanduku. Nilimwambia nilidhani ni cha kujazia maneno. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea habari ya msiba wa mbali, akaingia ndani. Hakunifukuza. Lakini unga niliomletea ulibaki mlangoni, na mimi ndiye niliyeuingiza.

Siku hiyo hiyo nilipanda gari kwenda Geita. Nilikuwa bado najidanganya njiani kwamba akaunti imeibwa, kwamba wifi naye atashtuka kama mimi, tutashikana mikono tulie. Nilimkuta uani anachambua mchicha, tumbo lake la ujauzito likiwa limeanza kuonekana. Kaka alikuwa ameketi kibarazani anatengeneza baiskeli. Nilipoiweka ile video hakuna aliyesogea kuitazama. Hapo nikajua walikwisha kuiona wote wawili.

Wifi hakukana. Nafikiri angekana ningepata nafuu. Alinieleza kwa upole, kama anavyoeleza kazi kwa mteja, kwamba yule mfanyabiashara ndiye aliyemfuata, kwamba alitaka tangazo tu, na kwamba alipanga kuniambia mambo yakitulia. Alisema mimi huwa nachukulia vitu kwa uzito. Kisha akasema lile ambalo nimelibeba mpaka leo.

"Wifi, ile ni katuni. Nani anaamini katuni?"

Tulikuwa tumekaa miezi pale nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi tukifanya jambo moja tu: watu waamini katuni. Yeye ndiye aliyekuwa akiniambia rudia, hapo bado haaminiki. Nilimkumbusha. Nilimkumbusha na jinsi alivyolia juu ya mkeka. Akaacha kuchambua mchicha, akasema machozi yale yalikuwa ya kweli, na sikuwa na haki ya kuyagusa. Labda yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo linalonitesa zaidi, kwamba mtu anaweza kulia kwa maneno yako leo na kesho akayageuza, na siku zote mbili asiwe anaigiza.

Nilimgeukia kaka. Aliyesemeshwa alikuwa mama yake pia. Alifungwa ndani na moshi ule ule. Alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye mnyororo wa baiskeli, kwamba mambo haya ni ya nyumbani, tuyamalize kimya kimya, nisije nikaiharibu mimba ya mke wake kwa ugomvi. Nikamuuliza mama naye ni wa wapi. Akazungusha pedeli.

Wifi aliifuta ile video siku hiyo, mbele yangu. Haikusaidia, ilikwisha kuwa kwenye simu za watu, na watu wanatumiana. Niliwaandikia wenye programu kwa Kiingereza changu cha chuo. Nikajibiwa na mashine kwamba mwenye akaunti ndiye mwenye uamuzi. Niliwaeleza wa shirika ukweli wote, pamoja na kisanduku. Walinisikiliza kwa adabu, wakasimamisha kazi.

Mama yeye hakuandika popote. Wiki ile alivaa viatu vyake vya kanisani akaniambia nimsindikize mwaloni. Alikuwa hajakanyaga huko miaka mingi. Tulikwenda mialo mitatu kwa siku mbili, kwa miguu na bodaboda, yeye mbele mimi nyuma. Kila tulipofika alisalimia kwanza waliokuwa wakubwa kwake, akapokea shikamoo za wadogo, kisha akasimama katikati ya maturubai na mchanga akawaambia waache kazi kidogo. Mwalo wa pili mwanamke mmoja alimbishia. Alisema sauti ni ile ile, na wa kwenye simu alizungumza vizuri zaidi. Akaiweka ile video. Mama alisikiliza mpaka mwisho, amesimama, mbele za watu wote.

"Sauti ni yangu," alisema. "Maneno si yangu. Njooni mniangalie mikono."

Akainyoosha. Walikuja mmoja mmoja. Wengine waliigusa. Nilisimama pembeni na simu yangu mfukoni, na sikuthubutu kurekodi hata kidogo.

Sijui ni wangapi waliomwamini. Wapo waliohamisha majiko, wapo walioendelea kununua kwenye lile duka, ambalo lipo mpaka leo na mwenyewe hunisalimia tukipishana. Chumba tulichokodi nilikirudisha. Kazi za katuni nikipata nafanya kwa ile programu ya kwanza, ya bure, kwa sauti yangu mwenyewe, na ninabadilisha mdomo herufi kwa herufi. Watazamaji wananiambia mhusika wangu anazungumza kama ana ugali mdomoni. Nawaacha wacheke.

Mama aliacha kutuma ujumbe wa sauti kwa mtu yeyote. Akitaka kuniambia jambo humtuma mtu, au anakuja. Tulikaa muda mrefu hivyo, akiwa mpole kwangu kama mtu anavyokuwa mpole kwa mgeni, mpaka siku moja aliponiomba nimsomee karatasi ya hospitali na nikaona amenikalia karibu kama zamani.

Wifi alipojifungua, kaka alikuja kumwomba mama akamwogeshe mzazi na mtoto. Nilidhani angekataa, na ndani yangu nilitaka akatae. Alifunga kibegi chake akaenda, akakaa huko zaidi ya mwezi. Aliporudi nilimpokea mzigo, nikangoja tufike ndani, nikamuuliza kama wifi alimwomba radhi.

Akasema hapana. Ila wifi alikuwa akimsalimia kila asubuhi kwa kupiga magoti, alikuwa akila kila alichopikiwa, na kila mama alipoingia chumbani, wifi alichukua simu yake, akaitoa nje, akaiweka juu ya ukuta wa ua, isipofika sauti ya mama, ndipo akarudi kumpa mtoto. Hakuna siku aliyosahau.

Mama alisema hilo akifungua khanga za safari, bila hasira. Kisha akaniuliza kama kuna maji ya kuoga.